Caravaggio Katika Daftari za Makarani

Michelangelo Merisi, mchoraji wa Italia anayejulikana duniani kwa jina la Caravaggio, aliandikiwa wasifu na watu watatu katika karne ya 17, na kila mmoja wao alimtazama kutoka upande wake. Giulio Mancini alikuwa tabibu na mpenzi wa picha aliyeishi Roma wakati mmoja naye; Giovanni Baglione alikuwa mchoraji mwenzake na hasimu wake mahakamani; Giovan Pietro Bellori, ambaye kitabu chake kilichapishwa 1672, alizaliwa baada ya Caravaggio kufa, na kwa kuwa aliamini kwamba sanaa inapaswa kuutukuza uzuri kuliko unavyoonekana katika maumbile, alishindwa kumvumilia mtu aliyechora mahujaji wakiwa na nyayo chafu. Bellori alifikia hata kudai kwamba giza la picha hizo lililingana na weusi wa macho na nywele za mchoraji mwenyewe, hoja ambayo, ingawa imerudiwa na wengi, haistahili jibu.

Kwa vizazi vingi ilisemekana kwamba alizaliwa 1573 katika mji mdogo wa Caravaggio, mashariki ya Milano, ambako ndiko jina lake lilikotoka. Mwaka 2007 ilitangazwa kwamba katika kumbukumbu za Jimbo Kuu la Milano limepatikana daftari la ubatizo la parokia ya Santo Stefano in Brolo, linaloonyesha kuwa Michelangelo, mwana wa Fermo Merisi na Lucia Aratori, alibatizwa tarehe 30 Septemba 1571. Kwa kuwa siku iliyotangulia ni sikukuu ya Malaika Mkuu Mikaeli, wataalamu wengi wanakubali kwamba alizaliwa siku hiyo na kupewa jina la somo wake. Miaka hiyo miwili ina uzito, kwa maana mkataba wa uanagenzi uliomweka chini ya mchoraji Simone Peterzano kwa miaka minne uliandikwa Aprili 1584, na mtoto wa miaka kumi na mbili kuingia karakana ni jambo linaloeleweka kwa urahisi zaidi kuliko mtoto wa miaka kumi.

Uhasama wa Baglione nao una faili lake. Mwaka 1603 mashairi machafu ya kumdhihaki yalienea Roma, naye akawashtaki kwa kashfa Caravaggio na rafiki zake, akiwemo mchoraji Orazio Gentileschi. Alipohojiwa, Caravaggio alisema kwamba hakumjua mchoraji yeyote aliyemhesabu Baglione kuwa fundi mzuri. Maneno hayo yaliandikwa na karani, na aliyesemwa hivyo ndiye aliyechapisha wasifu wa msemaji mwaka 1642.

Hata hivyo, karatasi za mahakama zina upotoshaji wake. Aprili 1604 mhudumu wa hoteli moja ya chakula mjini Roma alilalamika kwamba Caravaggio aliletewa atichoki nane, mboga yenye umbo la kichwa cha ua, nne zilizopikwa kwa siagi na nne kwa mafuta, akauliza zipi ni zipi, na alipoambiwa anuse mwenyewe, akamrushia sahani usoni. Shahidi mwingine katika faili lilelile alieleza kwamba mhudumu ndiye aliyeishika moja na kuipeleka puani pake, kitendo ambacho mteja yeyote angekiona dharau. Karani aliitwa palipotokea ugomvi tu. Siku ambazo mchoraji alisimama mbele ya turubai tangu asubuhi hazikumhusu, ndiyo maana wasifu uliojengwa juu ya mafaili ya polisi humfanya mhuni anayechora kwa nafasi. Kwamba tarehe 28 Mei 1606 alimuua Ranuccio Tomassoni na kuikimbia Roma hakuna anayekana, lakini chanzo cha pigano hilo bado kinabishaniwa.

Kuhusu kifo chake, Julai 1610, ni haki kusema kwamba hasimu wake hakukosea sana. Baglione alisimulia kwamba Caravaggio, akirudi kutoka Napoli, alikamatwa kimakosa pwani, na alipoachiliwa akakuta chombo chake kimeondoka. Barua ya tarehe 29 Julai 1610, iliyoandikwa na Deodato Gentile, askofu wa Caserta, inathibitisha kiini cha habari hiyo: feluka, yaani jahazi dogo la tanga na makasia, ilitia nanga Palo, mchoraji akafungwa huko, chombo kikarudi Napoli, naye baada ya kulipa fedha nyingi akaenda kwa nchi kavu hadi Porto Ercole, karibu kilomita 100, akaugua na kufa. Askofu hakuandika kwa ajili ya maombolezo. Kardinali Scipione Borghese alitaka kujua zilipo picha zilizokuwa ndani ya feluka, na mojawapo, ya Mtakatifu Yohane Mbatizaji, ilimfikia na hadi leo imo katika jumba la makumbusho lenye jina la ukoo wake mjini Roma.