Waliopona Ebola Wanatufundisha Nini?

Tarehe 1 Agosti 2018 ilitangazwa kwamba Ebola imezuka Mangina, karibu na Beni. Ugonjwa ulifika Butembo na Katwa, ukaingia pia katika kanda ya afya ya Vuhovi. Ulipotangazwa kwisha, tarehe 25 Juni 2020, watu 3,470 walikuwa wameugua, na 2,287 kati yao walikuwa wamefariki. Marehemu hao twawakumbuka kwa heshima. Leo, hata hivyo, tuwatazame wale zaidi ya 1,100 waliopona, tujiulize wao wenyewe walifanya nini.

Kujipeleka kwenye kituo cha matibabu hakukuwa jambo jepesi. Tangu mwaka 2014 raia wa Beni walikuwa wakiuawa, na wengi waliuliza kwa nini wageni wameijia Ebola ilhali hawakuyajia mauaji. Uchaguzi wa Desemba 2018 ulipoahirishwa kwetu, Ebola ikitajwa kuwa sababu mojawapo, shaka iligeuka hasira. Mwezi Februari 2019 vituo vya Katwa na Butembo vilishambuliwa. Mgonjwa aliyeamua kwenda alibeba homa na hofu pamoja.

Lakini uamuzi huo ulikuwa na uzito mkubwa. Kuanzia Novemba 2018 Profesa Jean-Jacques Muyembe na wenzake walijaribu dawa nne huko Mangina, Beni, Butembo na Katwa. Mwezi Agosti 2019 ilidhihirika kwamba mbili kati yake zinashinda nyingine. Miongoni mwa waliopewa dawa hizo mbili virusi vikiwa bado vichache mwilini, takriban 9 katika kila 10 walipona. Kila siku ya kuchelewa iliongeza hatari ya kufa. Dawa iliandaliwa na wataalamu; kufika mapema kulimtegemea mgonjwa na jamaa zake.

Tena, moja ya dawa hizo ilitokana na damu ya mtu aliyepona Ebola ya Kikwit ya mwaka 1995. Aliyeuguzwa zamani alisaidia kuwaponya wa leo.

Waliopona kwetu walifuata njia hiyohiyo. Kwa kuwa miili yao ilikuwa imepata kinga, baadhi yao waliwapakata na kuwalisha watoto ambao mama zao walikuwa wamelazwa. Nao walihitaji kuendelea kujitunza: kurudi kupimwa, kutibiwa macho na maumivu ya viungo, na wanaume kuchunguzwa mbegu zao, kwa maana virusi huweza kubaki humo kwa miezi mingi. Kurudi kupimwa kulikuwa kujilinda wenyewe na kuwalinda wenzi wao.

Basi, vijana wenzetu, tuulizane katika makundi yetu: mwenzetu mwenye kifua kikuu, kisukari au virusi vya UKIMWI, je, tunamsindikiza mapema kwa mganga, au maneno yetu ndiyo yanayomfungia nyumbani?