Mtu wa Kwanza Penye Ajali: Funzo la Nyuklia kwa Makambako

Ajali za nyuklia huelezwa kama historia ya mitambo. Tukizichambua vizuri tunaona kuwa ni historia ya uhusiano kati ya wenye habari na umma.

Usiku wa tarehe 26 Aprili 1986, tanuri la nne la kituo cha Chernobyl, katika Ukraine ya Kisovieti, lililipuka. Karibu yake ulikuwapo mji wa Pripyat wenye watu wapatao 49,000. Kulipokucha watoto walikwenda shule kama kawaida. Wakubwa walijua, umma haukuambiwa. Watu walihamishwa mchana wa tarehe 27, saa 36 hivi baadaye, ingawa mabasi yalikwisha fika usiku. Kilichokosekana ni ukweli.

Septemba 1987, huko Goiânia, Brazili, hapakuwa na tanuri lolote. Chombo cha tiba ya mionzi kiliachwa katika zahanati iliyohamwa, kikang'olewa na kuuzwa kwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Unga wake uling'aa gizani, watu wakagawiana. Watu 4 walikufa, na zaidi ya 110,000 wakapimwa. Aliyeshtuka kwanza ni mke wa mnunuzi yule, aliyekipeleka kipande hicho kwa maofisa wa afya. Naye alikuwa miongoni mwa waliokufa.

Ndugu msomaji atauliza: haya yanatuhusu nini sisi wa Njombe? Leseni ya kuchimba urani Mto Mkuju, wilayani Namtumbo, ilitolewa mwaka 2013, na mtambo wa majaribio ukazinduliwa mwaka 2025. Barabara ya lami kutoka Songea hupita Njombe, ikakutana Makambako na barabara kuu ya Zambia na reli ya TAZARA. Mzigo wowote utakaofuata njia hiyo utapita mbele ya maduka yetu. Unga wa urani haulipuki kama tanuri. Hatari yake kubwa ni kuuvuta kwa pumzi au kuumeza. Basi tusieneze hofu, tueneze elimu.

Tukumbuke Msamvu, Morogoro, tarehe 10 Agosti 2019. Lori la mafuta lilipinduka, watu wakakimbilia kuchota petroli, moto ukaua zaidi ya 100. Kuwalaumu marehemu ni njia ya kiongozi kukwepa swali linalomhusu: je, niliwafundisha nini kabla ya siku ile?

Kazi yetu ni tatu. Kwanza, balozi wa nyumba kumi, wapiga debe na wanunuzi wa vyuma chakavu waijue alama ya mionzi: mabawa matatu meusi juu ya rangi ya njano. Pili, kila mtu ajue kukaa mbali, kutogusa, na kupiga 114. Tatu, kiongozi atoe habari mapema, hata kama bado hazijakamilika.

Mtaalamu hufika baadaye. Mtu wa kwanza penye ajali ni mwananchi, na maandalizi yasiyomfikia yeye bado hayajaanza.