Kadi ya Neu-Langenburg na Picha Yetu ya Kidato cha Pili

Ndugu Mhariri ameniomba niandike machache juu ya historia ya upande wetu wa Rungwe, nami nimekubali, ingawa kazi yangu ya maisha ilikuwa kufundisha hesabu na si historia. Nimekubali kwa sababu ya kadi moja ya posta. Mpwa wangu aliniletea kutoka Dresden, Ujerumani, alikokwenda masomoni. Aliinunua kwa wauza vitu vikuukuu, kwa bei ambayo pale Kyimo ingenipatia mikungu kadhaa ya ndizi na nauli ya kuisafirisha.

Picha ni ya nyumba ya misheni yenye baraza refu. Nyuma yake Mlima Rungwe umejifunika wingu nusu, kama ilivyo desturi yake. Pembeni kabisa amesimama mtoto wa kiume aliyejitwika sanduku. Juu ya dirisha moja la nyumba aliyeandika kadi amechora msalaba mdogo wa wino, na nyuma ameeleza kwa Kijerumani kwamba hapo ndipo alipolala, na kwamba mvua haikatiki. Hilo la mvua ninamwamini.

Stempu ni ya heller 4, yenye picha ya meli ya Kaiser, na muhuri ni wa Neu-Langenburg. Vijana wa leo wataniuliza mji huo uko wapi. Ni Tukuyu. Boma la kwanza la Wajerumani upande huu lilijengwa na Hermann von Wissmann mwaka 1893 kando ya Ziwa Nyasa, likapewa jina la Langenburg, kumheshimu mwana wa mfalme mmoja wa Kijerumani, Hermann wa Hohenlohe-Langenburg, aliyekuwa kiongozi wa chama chao cha makoloni. Baadaye boma likahamishiwa huku juu kwenye baridi, likaitwa Langenburg Mpya. Waingereza walipoingia mwaka 1916 jina hilo likaondoka nao waliolileta. Lakini wamisionari wa Moravian kutoka Herrnhut walikuwa wamekwisha kufika Rungwe kabla ya boma lolote, mwaka 1891.

Heller zilianza kutumika kwenye stempu mwaka 1905, na kabla ya hapo zilikuwa pesa, 64 kwa rupia moja. Kwa hiyo kadi yangu si ya kabla ya mwaka huo. Tena mgongo wake umegawanywa kwa mstari, upande wa anwani na upande wa maneno, jambo ambalo Wajerumani waliliruhusu mwaka huohuo wa 1905. Kadi za zamani zaidi zilikuwa na anwani tu nyuma, na mtu mwenye la kusema alilibana mbele, ukingoni mwa picha. Niwieni radhi nikifanya hesabu kidogo: kodi ya kibanda ilikuwa rupia 3, yaani heller 300. Kodi aliyodaiwa baba wa mtoto yule ingetosha stempu za kadi 75.

Kadi hizi zilipigwa chapa kwa ajili ya nani? Si kwa ajili yetu. Wapiga picha kama Walther Dobbertin wa Dar es Salaam waliwauzia maofisa, masetla na mabaharia, na misheni nazo zilikuwa na kadi zao za kuonyesha ndugu wa kule kwao kazi inavyokwenda. Ndiyo maana tunaona maboma, makanisa, bandari na miti. Watu wakiwamo, chini yao huandikwa kabila tu. Sisi Wanyakyusa tuliitwa Wakonde. Daktari wa jeshi Friedrich Fülleborn, aliyekaa Langenburg mwishoni mwa karne ya 19, alipiga picha nyingi sana za nchi hii na kuzitoa katika kitabu kikubwa mwaka 1906. Ninamshukuru kwa moyo wote, maana bila yeye tusingezijua vizuri nyumba za babu zetu za mianzi na udongo. Lakini mengi katika kazi za namna ile yanahusu aina ya watu, si mtu.

Shangazi yangu, ambaye ndiye mzee wetu aliyebaki, nilimpelekea kadi ile Kyimo. Aliishika mbali na macho, akautambua mlima mara moja. Halafu akaweka kidole juu ya mtoto mwenye sanduku, akauliza: "Na huyu wa nani?" Nikamwambia, shangazi, haikuandikwa. Akanirudishia kadi kama mtu aliyerudishiwa chenji pungufu.

Kadi ya Kyimo yenyewe sijapata kuiona hata moja. Ni mahali pa kupita, kati ya Kiwira na Tukuyu. Ninyi mliosoma nami miaka ya 1974 hadi 1977 mnapajua. Basi la kutoka Mbeya likitushusha, tulikuta ndizi, viazi, parachichi na matope. Likizo zilipokwisha, sisi wa nyumbani tuliwangoja wenzetu waliotoka mikoa mingine, maana enzi zile Serikali ilimpanga mtoto wa Mwanza kuja kusoma Rungwe na wa Rungwe kwenda Tabora. Mama zetu waliwalisha wote bila kuuliza kabila.

Monica Wilson, aliyefanya utafiti hapa na mumewe Godfrey miaka ya 1930, aliandika katika kitabu chake cha 1951 jinsi wavulana wa Kinyakyusa wa rika moja walivyokuwa wakitoka nyumbani kwa baba zao na kujenga kijiji chao wenyewe. Walikuwa wakila pamoja, wakienda kundi zima kwa mama wa huyu, kesho kwa mama wa yule. Ukwangala, yaani kukaa vizuri na wenzako, ndiyo iliyokuwa shule yao. Nilipokisoma nilicheka peke yangu. Bweni letu lilikuwa nini kama si hilo?

Sasa nifikie lililonikalisha kitako kuandika. Mjukuu wangu aliitazama kadi, kisha akaitazama picha yetu ya kidato cha pili inayoning'inia sebuleni. Akaniuliza majina, nikamtajia, mstari kwa mstari, kwa majivuno. Mstari wa nyuma, wa kwanza kushoto, nikakwama. "Na huyu, babu?"

Uso wake ninaufahamu vizuri. Siku moja mwaka 1975, shule ikifunguliwa, mimi nilikuwa nimetoka kuugua malaria na mvua inanyesha kama ile ya kwenye kadi. Kijana yule aliteremka basi pale Kyimo, akaliweka sanduku langu la bati juu ya kichwa chake na mkoba wake begani, tukaenda. Njiani hakulalamika. Tulipofika alikamua shati lake, akacheka. Kidato cha tatu hakurudi, na sikuuliza sababu. Nimekumbuka heller, pesa na jina la mwana wa mfalme wa Kijerumani. La aliyenibebea sanduku sina.

Nimewauliza wenzangu watatu. Mmoja anadhani alitoka Singida, mwingine anasema Dodoma, wa tatu hamkumbuki kabisa. Nyuma ya picha mpiga picha wa Tukuyu alipiga muhuri wa jina lake mwenyewe tu.

Mhariri amekubali kuichapa picha hiyo katika toleo hili. Juu ya kichwa cha kijana yule nimechora msalaba mdogo wa wino. Ni mrefu, kola imepinda, mkono mmoja hauonekani. Mwenye jina lake anipe siku ya mkutano, au ampelekee Mhariri. Na kama ni wewe mwenyewe unayesoma, ndugu yangu, njoo kwanza Kyimo. Shangazi bado anapika ndizi, na nitakungoja kituoni.