Maneno ya Zamani: Shauri kwa Wanaojifunza Historia kwa Kiingereza



Mtoto wa Ihanda amalizapo shule ya msingi na kuingia sekondari, historia aliyoizoea kwa Kiswahili huikuta imeandikwa kwa Kiingereza. Jana alisema enzi na karne. Leo yampasa kusema "reign" na "century". Wengi huyakariri maneno hayo kama kasuku, kisha hawawezi kuyatumia kwa habari za kwao wenyewe. Nawaandikia wanafunzi, na wazazi pia, kwa kuwa sehemu moja ya somo hili haimo kitabuni. Imo vinywani mwa wazee.

Tuanze na hesabu ya miaka. "Century" latokana na neno la Kilatini la mia. Kiswahili chasema karne, nalo ni neno la Kiarabu ambalo katika lugha ile maana yake ni pembe vilevile. Watu wa nchi ya ng'ombe wa pembe ndefu hawatalisahau. "Decade" ni miaka kumi, neno la asili ya Kiyunani. Sisi twasema mwongo, na watu wa pwani walilitumia neno hilo kuhesabia siku za mwaka wao kumi kumi. Hapa wengi hujikwaa: mwaka 1861 umo katika karne ya 19, si ya 18, kwa sababu karne ya kwanza ilianza mwaka 1 ikaisha mwaka 100. Tena zile herufi "A.D." ni kifupi cha maneno ya Kilatini, yaani, katika mwaka wa Bwana. Nasi katika lugha ya nyumbani Bwana tunayemwomba twamwita Omukama, na mfalme wa Karagwe naye aliitwa Omukama. Basi aandikaye herufi hizo ahesabu miaka kwa enzi ya Mfalme mmoja.

Wazee wetu hawakuhesabu kwa karne. Walisema: hayo yalikuwa enzi za Ndagara, yule alizaliwa enzi za Rumanyika, jambo lile lilitukia kabla ya sotoka kuua ng'ombe. Wako vijana waliosoma kidogo wanaocheka hesabu hiyo. Wasicheke. Luka, katika sura ya 3 ya Injili yake, ataja wakati wa Yohana kwa mwaka wa kumi na tano wa Kaisari Tiberio. Nabii Amosi naye ataja wakati wake kwa wafalme wawili na kwa tetemeko la nchi. Hesabu ya wazee si ya ujinga. Yataka tu kuunganishwa na hesabu ya kitabu.

Kuunganisha kwataka vigingi vilivyo imara. Novemba 1861 Speke na Grant, wasafiri wa Kiingereza, walifika kwa Rumanyika, na Speke akachapisha habari za safari hiyo mwaka 1863. Stanley alimkuta Rumanyika yu hai bado mwaka 1876. Sotoka kuu iliingia nchi zetu yapata 1890 au 1891. Waingereza waliitwaa nchi hii kwa Wajerumani mwaka 1916. Uhuru ulikuja mwaka 1961, na Vita ya Kagera ikaanza mwaka 1978. Bibi akisema alizaliwa mwaka uliofuata Uhuru, mjukuu aweza kuandika 1962 pasipo kubahatisha. Lakini pasipo na kigingi, Kiingereza kina neno la unyofu, nalo ni "circa", maana yake yapata. Israel Katoke alipochapa kitabu chake cha historia ya ufalme wa Karagwe mwaka 1975, aliliweka neno hilo kwa kifupi katika jina lenyewe la kitabu, mbele ya mwaka 1400. Mwanachuoni hakuona haya kusema yapata. Na mwanafunzi asione haya. Kutia mwaka kamili mahali usipoujua ni kushuhudia uongo.

Liko jambo moja la kuangaliwa zaidi. Maneno mengine ya historia hayapimi wakati tu, bali yapima watu. Speke alimwita Rumanyika "king", yaani mfalme. Wajerumani waliwaita watawala wa huku masultani. Waingereza wakawaita "chief", neno dogo kuliko mfalme, mpaka utawala huo ulipofutwa mwaka 1963. Cheo ni kile kile cha Omukama. Majina yalibadilika kwa kadiri ya aliyeyatoa. Vilevile neno "discover", yaani kugundua: husemwa kwamba Speke aligundua chimbuko la Nile, ingawa watu walikuwa wakiyanywa maji yale tangu kale. Alichofanya ni kuwapasha habari watu wa kwao. Mwanafunzi ajifunze maneno haya, kwani mtihani wayataka. Lakini kila alisomapo ajiulize, ni nani aliyelisema, naye alisimama wapi?

Basi shauri langu ni hili. Chukua daftari, upige mistari ifanye safu tatu: ya Kinyambo, ya Kiswahili, ya Kiingereza. Jioni uketi na babu au bibi, umwulize alizaliwa wakati gani, nani alitawala, njaa ipi au vita gani ilikuwapo. Andika neno lake kama alivyolitamka, kisha ulitafutie wenzake katika safu zile mbili. Neno lisilopata mwenzake usilitupe. Huenda hilo ndilo lenye thamani kuliko yote.

Nanyi wazazi, mtoto akija na daftari hilo, msimwambie kwamba mambo ya kale hayana faida. Kamusi ya Kiingereza haitakufa, itachapwa tena. Mzee akifa, safu ya kwanza hubaki tupu, wala hakuna mwalimu awezaye kuijaza.