Redio ya Taifa na Nyimbo Zilizovuka Mpaka

Baada ya uhuru wa mwaka 1962, askari wa Uganda aliyetoka Arua au Gulu na kupangiwa kambi ya Mbarara aghalabu hakukielewa Kinyankole cha sokoni. Kiswahili alikijua. Kilikuwa lugha ya amri tangu enzi za King's African Rifles, jeshi lililoundwa mwaka 1902. Basi redio ilipofunguliwa na kuipata Dar es Salaam, mkulima wa Ankole alisikia magitaa. Askari alisikia na maneno pia.

Tena wapigaji wengine walikuwa askari wenzake: Polisi Jazz, Mwenge Jazz ya JWTZ, Kimulimuli ya JKT. Bendi iliyotaka santuri ilitegemea Nairobi. Iliyotaka kusikika nchi nzima ilitegemea studio ya Radio Tanzania. Mtangazaji alitaja wimbo na bendi, na kwa kurudiwa huko sikio la mbali likajifunza kutambua mtindo wa kila kundi hata kabla mwimbaji hajafungua kinywa. Kasoro nayo isifichwe. Maneno yalikaguliwa kwanza, na wimbo uliokataliwa haukuwa na mlango mwingine wa maana.

Februari 1979 jeshi lenye bendi hizo liliiteka Mbarara, na mji ukabomolewa vibaya. Kuzijua nyimbo za jirani hakukuzuia vita. Wanaodai kwamba muziki peke yake huleta amani hawana budi kulikumbuka hilo.

Hata hivyo kunyamaza kuna hasara yake. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 mtafiti Hugh Tracey alirekodi muziki wa ikulu ya Mugabe wa Ankole. Mwaka 1967 falme za Uganda zilifutwa; zilipoanza kurejeshwa mwaka 1993, Ankole haikurejeshwa. Ikulu haipo, kanda zipo.

Karibu na Mbarara yako makazi ya Nakivale, yaliyofunguliwa mwishoni mwa miaka ya 1950 na kuwapokea Wanyarwanda. Baadaye walifika Wakongo, Warundi na Wasomali. Kwa Mkongo wa Kivu Kiswahili ni cha nyumbani. Kwa polisi anayelinda doria pale ni cha kazi. Hawa wawili wanaweza kusikiliza wimbo mmoja bila mkalimani, ilimradi kuna aliyeurekodi. Shirika la UBC, lililoirithi Radio Uganda mwaka 2005, lina mitambo na lina watangazaji. Gari lenye kinasa sauti likiondoka Kampala alfajiri hufika Nakivale siku hiyo hiyo.