Wageni Waliokuwa Wenyeji

Bunilizi za kisayansi na hadithi za maajabu zinapoingia katika maduka ya vitabu ya Nairobi na Dar es Salaam, hupokewa kama kitu ambacho Kiswahili hakijapata kuwa nacho. Historia ya riwaya yetu inakataa. Mwaka 1951 Shaaban Robert alitoa Kusadikika, habari za nchi inayoelea angani, ambako Karama anashtakiwa kwa kuanzisha mafunzo ya uanasheria. Utetezi wake ni kusimulia habari za wajumbe sita waliotumwa kaskazini, kusini, mashariki, magharibi, mbinguni na ardhini: kila mmoja alirudi na maarifa ya kuifaa nchi, na malipo yake yakawa kifungo. Mwaka uliofuata kikaja Adili na Nduguze, chenye majini na watu waliogeuka mawe, na ndugu wawili walioadhibiwa kwa husuda yao wakawa manyani, ambao Adili analazimika kuwachapa kila usiku huku moyo ukimuuma.

Mpinzani atasema hizo ni istiara na ngano, sayansi haimo. Kwa Adili na Nduguze nakubali. Kitabu hicho kimechota kwenye Alfu Lela Ulela, nacho ni cha maajabu tu. Lakini hoja hiyo haiigusi Walenisi ya Katama Mkangi, ya mwaka 1995, ambamo Dzombo anahukumiwa kifo na watawala, anatiwa katika chombo cha angani ili apotelee huko, naye badala ya kufa anafika kwenye dunia nyingine inayoendeshwa kwa usawa. Mkangi aliijua hukumu ya watawala: mwaka 1986 serikali ya Kenya ilimweka kizuizini. Na istiara yenyewe si kasoro. H. G. Wells alipomsafirisha mtu wake hadi wakati ujao, mwaka 1895, alikuwa akilipima pengo la matajiri na wafanyakazi wa Uingereza ya siku zake.

Kilichovificha vitabu vyetu ni soko. Wachapishaji wa Afrika Mashariki huishi kwa shule, basi Kusadikika kikauzwa kama kitabu cha mtihani. Mwanafunzi akaulizwa dhamira na wahusika, hakuachwa aishangae nchi isiyo na ardhi chini yake. Wapo watakaohofu kwamba kuvihamishia rafu ya maajabu ni kuvipunguzia heshima ya fasihi. Hofu hiyo naiona haina msingi. Nagona (1990) na Mzingile (1991) za Euphrase Kezilahabi zimesifiwa kwa falsafa yake, na falsafa hiyo imefumwa ndani ya ndoto na safari zisizowezekana. Anayeyaruka hayo ili aifikie maana haraka atakuwa ameiruka na maana.