Mimba Zabibu: Habari za Jina na za Ugonjwa

Neno la Kilatini mola maana yake ni jiwe la kusagia, na kwa jina hilo matabibu wa Ulaya waliita kila pande la nyama lililotoka kizazini mahali pa mtoto. Jina lilikuwa pana mno. Mimba hii haifanani na jiwe hata kidogo. Yafanana na kichala cha zabibu, kwa kuwa nyuzi ndogo za kondo la nyuma hujaa maji zikawa malengelenge. Wajerumani waliita Traubenmole, Waarabu haml unqudi, na Waswahili mimba zabibu. Zote tatu zataja kichala au zabibu.

Walakini jicho lilitoa jina tu, halikutoa sababu. Huko Loosduinen, Uholanzi, yasimuliwa kuwa mwaka 1276 Bibi Margaret wa Henneberg aliapizwa na maskini aliyemtukana kwa kuzaa pacha, akajifungua watoto 365 kwa mara moja. Baadhi ya matabibu wa baadaye walidhani watoto hao walikuwa malengelenge. Wengine waliyadhani kuwa minyoo, mpaka mwaka 1827, Marie Boivin, mkunga wa Paris, alipoeleza kuwa yatokana na mimba yenyewe. Mwaka 1977 Kajii na Ohama wa Japani walionyesha kuwa katika mimba zabibu kamili kromosomu zote hutoka kwa baba. Kosa basi hutokea wakati wa kutunga mimba, wala si kwa laana wala kwa tendo la mama.

Kizazi husafishwa kwa kufyonzwa, lakini hatari haishi hapo, maana chembe zilizobaki zaweza kugeuka saratani. Mwaka 1956 Min Chiu Li na Roy Hertz, huko Bethesda, Marekani, walitangaza kuwa methotreksati yaweza kuishinda saratani hiyo hata ikiwa imekwisha kuenea. Li alishikilia kuwa dawa iendelee, ijapokuwa uvimbe hauonekani tena, hadi homoni ya mimba itoweke kabisa. Kwa ushupavu huo aliachishwa kazi. Mwaka 1972 alikuwa miongoni mwa waliopewa tuzo ya Lasker. Mpaka leo mgonjwa hupimwa homoni hiyo mara kwa mara baada ya kusafishwa, na hushauriwa asishike mimba nyingine kwanza, isije ikavuruga kipimo.

Zamani dalili zilikuwa damu, kutapika kupita kiasi, na tumbo kubwa kuliko miezi yake. Siku hizi, penye mashine ya mawimbi ya sauti, mimba nyingi za namna hii hutambulikana mapema na kutolewa kabla zabibu zenyewe hazijaonekana.